Ili Kuepusha Taharuki

...au labda "hatari" ni kali mno, anasema Mwanasheria, tuweke "tahadhari", tahadhari ni neno lenye adabu, linapiga hodi kabla ya kuingia, na Kalamu anafuta "hatari" anaandika "tahadhari", na ukutani, pale mashine inapomulika, herufi zinaondoka na nyingine zinakuja mbele ya macho ya wote, Kalamu ndivyo wanavyomwita humu, jina alilopewa na mama yake wamelisahau, yeye ni katibu wa Kamati ya Maafa na kazi yake ni kuandika wanayosema wakubwa, halafu kufuta waliyosema wakubwa, na tangu chai ya asubuhi wako kwenye sentensi moja tu, ya kuwaambia watu wa bondeni kwamba ukuta wa bwawa umepasuka, mvua haijakatika na maji huenda yakawafikia kabla jua halijazama, basi, hilo tu, mtoto wa chekechea angelisema kwa pumzi moja akabakiza pumzi ya kulia, lakini hawa ni wasomi wa maafa, wana vyeti, walipelekwa hotelini kujifunza kuokoa watu, wakafanya zoezi, mafuriko ya kuigiza na bwawa la maboksi, wahudumu wa hoteli wakalala kwenye zulia wakajifanya maiti, mmoja akapitiwa na usingizi wa kweli mpaka akakoroma, na Mwenyekiti siku hiyo alisimama akatangaza "Hameni!" kwa sauti ya kutikisa vioo, hakuna aliyemuuliza neno, wakapiga makofi, wakapiga picha, wakagawiwa vizibao vya kung'aa vilivyoandikwa MAAFA mgongoni, na vizibao hivyo bado viko stoo kwenye nailoni zake, kwa sababu kuhamisha maiti wa zulia ni rahisi, hawana nyumba, hawana kura, hawashtaki... "Kalamu, hapo baada ya tahadhari weka mkato," anasema Mwenyekiti, na Kalamu anaweka mkato.

Mhandisi wa bwawa amekaa kona ya mwisho, viatu vyake vina tope na hakuna aliyemwambia avikung'ute, maskini, yeye ndiye aliyeleta habari ya ufa tangu kiangazi, wakati huo ulikuwa ufa wa kupitisha wembe, Mwenyekiti akasimama akasema, ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta, wakaitikia kama wanafunzi, ikaundwa kamati ndogo ya ufa, hawakuziba ufa wala hawakujenga ukuta, walijenga kamati, na asubuhi hii kaja na tope lake akasema sasa unapitisha mkono, "mkono kiasi gani?" akaulizwa, akakunja mkono wa shati na kuonyesha kiwiko, Mwanasheria akakohoa na kusema tuwe waangalifu na lugha, na hapo ndipo Kalamu alipojua kwamba leo itakuwa siku ndefu, maana mtu akianza kuwa mwangalifu na lugha ujue ameshaacha kuwa mwangalifu na watu... "wanaombwa kuhama," anasoma Mwenyekiti, "hapana," anasema Mwanasheria, "ukimwambia mtu ahame umekubali kwamba ulikuwa na wajibu kwake, kesho atakuja na wakili, tuseme wanashauriwa kujiandaa kuhama endapo itabidi," "endapo itabidi na nani?" anauliza Mhandisi kutoka kona yake, "na hali," anajibiwa, na Bwana Afya anatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia hekima, na Kamanda anasema cha msingi, waheshimiwa, ni kuepusha taharuki, na neno hilo Kalamu ameliandika mara nyingi mpaka vidole vyake vinalijua bila yeye, taharuki, taharuki, humu ndani hakuna anayeogopa maji, wanaogopa watu wanaokimbia, mtu akizama kimya kimya mradi amezama kwa utaratibu haharibu taarifa ya mtu... na wote wanasema hivyo wakiwa wametulia, tena wametulia kupita kiasi, na utulivu wenyewe Kalamu anajua umetoka wapi.

Umetoka koridoni. Wa kwanza kutoka alikuwa Kamanda, "samahanini, haja ndogo," akatoka na simu mkononi, haja ndogo gani inataka simu, lakini Kamanda ana mwanamke wake kule bondeni na mtoto anayefanana naye mpaka masikio, kila mtu analijua hilo isipokuwa mkewe, naye pia analijua, akarudi baadaye uso umemlainika, akamwaga chai, akanywa, halafu akatoka Bwana Afya, wakwe zake wako kule, akarudi amelainika, akatoka Mwanasheria, yeye hana ndugu bondeni ila ana nyumba za kupangisha, na Kalamu aliyekuwa akipita kuchukua karatasi alimsikia kwa masikio yake akimwambia mtu aende akatoe jenereta, "wapangaji wakikuuliza sema linapelekwa matengenezo," jenereta, jamani, jenereta lilihama kabla ya watu, na akarudi na kusema tuwe waangalifu na lugha, na Mwenyekiti mwenyewe hakutoka, mkubwa haendi koridoni, aliandika kitu kwenye simu yake chini ya meza akaita dereva, akamnong'oneza, "mchukue shangazi, usimwambie ni kwa nini," dereva akatoka mbio, na kwa jinsi walivyokuwa wakipishana mlangoni, huyu anatoka huyu anarudi, mgeni angedhani chumba kimeshikwa na ugonjwa wa kibofu na Bwana Afya hana budi kutangaza mlipuko, Kalamu alitaka kucheka, akaacha, kwa sababu naye alishatoka, naye alikwenda koridoni kama wenzake, hakuwa na ubavu wa kumcheka mtu.

Alisimama dirishani karibu na ndoo inayokinga maji ya paa linalovuja, maana hata ofisi ya maafa inavuja, akampigia dada, dada yake wa pekee, ambaye mama yao alipofariki aliacha shule akakaa kwenye cherehani ili mdogo wake asome, ada yote ya Kalamu ilitoka kwenye mapindo ya sketi za watu, na mpaka leo dada yuko kwenye cherehani ileile, kibanda kilekile, mtaa uleule wa bondeni, miguu imeshaanza kumvimba, akapokea kwa sauti ya mtu mwenye pini mdomoni, "Mdogo wangu, mbona saa za kazi?" "Dada, funga duka, chukua vyeti vyako na dawa, panda huku juu nyumbani kwangu, sasa hivi," "kuna nini?" "siwezi kusema kwenye simu," "wewe, mimi ndiye niliyekufundisha kuficha vitu, hebu sema," na Kalamu akasema, bwawa, neno moja, halikuhitaji mkato, pini zikasikika zikitemwa kwenye kibati, "na majirani?" akauliza, "na yule mzazi hapa nyuma yangu, kajifungua juzi, hata kukaa vizuri hajaweza," na Kalamu, Mungu amsamehe, alisema kwa sauti ya ofisi, sauti ambayo hakujua imeshamwingia mpaka kooni, "Dada, usimwambie mtu, taarifa rasmi inakuja," "inakuja lini?" "wanaiandaa," "tangu saa ngapi?" "tangu asubuhi," na dada akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, "kwani taarifa ni suti, mnaipima kiuno?" halafu, taratibu, "mdogo wangu, nikitoka hapa kimya kimya, nikapona peke yangu, hizo nguo nitamshonea nani?" Kalamu akasema dada tafadhali, dada nakuomba, na dada akasema "haya", ile haya yake ambayo tangu utotoni haikuwahi kumaanisha nimekubali, simu ikakatika, na tangu hapo Kalamu anampigia chini ya meza, inaita, inaita, haipokelewi... "Kalamu, uko nasi?" "niko, Mheshimiwa," "soma ulipofika," na anasoma, wakazi wa maeneo ya chini wanashauriwa kuchukua tahadhari, mkato, na kujiandaa, "kujiandaa ni kuzuri," anasema Mwanasheria, "kujiandaa hakuna mwenyewe."

Na hapo ndipo simu ya Mwenyekiti inapolia, ni mtendaji wa mtaa wa bondeni, sauti yake inavuja nje ya simu, yule ana kawaida ya kupiga kelele, kwake simu isiyo na waya lazima upaze sauti, "Mheshimiwa, huku watu wanahama! wamebeba magodoro! kuna mama mmoja, fundi cherehani, ana futikamba shingoni, anapita mlango kwa mlango anagonga mageti kwa mkasi, anasema bwawa limepasuka, wamembeba mzazi kwa kiti, nifanyeje?" na Kalamu anaacha kupiga simu chini ya meza, hofu ipo, lakini si hofu peke yake, futikamba shingoni, ndiye, miguu yake ile, mlango kwa mlango... na Mwenyekiti anafunika simu kwa kiganja na kuwatazama mmoja mmoja, "nani ametoa siri nje?" na loo, hapo ungewaona, Kamanda anatazama chai, Bwana Afya anatazama kucha, Mwanasheria anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa, kila mmoja ana mtu wake aliyeokoka, au jenereta lake, na hakuna aliyetoa siri, ila Mhandisi peke yake ndiye anayemwangalia Mwenyekiti usoni, naye hana mtu bondeni, na mtu wa namna hiyo hana la kuficha wala la kupoteza. "Hii sasa ndiyo taharuki yenyewe," anasema Mwenyekiti, "Kamanda, tuma gari likamchukue huyo mama," "sasa hivi, Mheshimiwa," anasema Kamanda, na gari limepatikana, asubuhi alisema magari yote hayana mafuta, kubeba wagonjwa hayana mafuta, kumbeba dada wa Kalamu mafuta yamepatikana, "na wewe Kalamu, chukua simu ya kamati, andika, Kamati inawataka wananchi wapuuze uvumi unaoenezwa na watu wasiowatakia mema, warejee majumbani, hali ni shwari, wasubiri taarifa rasmi," na anasema yote kwa pumzi moja, hakuna anayepinga, hakuna wa kuuliza kama ni wapuuze au wanashauriwa kupuuza, Mwanasheria anasema "safi", Bwana Afya anasema "safi sana", kumbe wanaweza, kumbe sentensi inaweza kukamilika humu ndani kabla chai haijapoa, kumbe tangu asubuhi ulimi haukuwa na shida, shida ilikuwa ni kile ulichotakiwa kusema.

Simu ya kamati iko karibu na kiwiko chake, ndiyo inayofikisha ujumbe kwenye kila simu ya bondeni kwa mpigo mmoja, wenye nembo juu yake, na hilo ndilo linalomuua Kalamu, nembo, kwa sababu watu wa bondeni wanaiamini nembo, ni watu wa kutii, watasimama katikati ya kilima na magodoro kichwani, watasoma, watasema aa, kumbe yule fundi amechanganyikiwa, serikali imesema, watageuka, yule mzazi atateremshwa na kiti chake, na dada atabaki njiani anashikwa mkono na askari huku watu wanamzomea, na maji yatawakuta wamekaa majumbani kwa utaratibu, na kesho asubuhi Mwenyekiti atavaa kizibao, hatimaye atakitoa kwenye nailoni, atasema tumepokea kwa masikitiko makubwa, na nani ataandika masikitiko hayo, Kalamu ataandika, ataweka mkato baada ya masikitiko... "umeshaandika?" "naandika, Mheshimiwa," na anaandika kweli, wapuuze uvumi, na anaona kwamba uvumi ni dada yake, uvumi huu ulimnyoa nywele alipopata mapunye, ulimfundisha kuhesabu kwa vifungo, ulikuwa ukilala njaa na kusema nimeshakula shuleni wakati shule yenyewe uliiacha, na yeye leo, msomi aliyesomeshwa kwa mapindo, aliuambia usimwambie mtu, hana tofauti na mtu wa jenereta, aibu inampanda kama homa, na nyuma ya aibu kuna hasira, na hasira inamtuliza kuliko alivyotulizwa na lolote leo... watamfukuza, naam, watamfukuza, tena watamshtaki, Mwanasheria safari hii hatatafuta lugha, nyumba ya kazi watamnyang'anya, na dada atakapokuja na begi lake la vyeti watakuwa wawili wasio na pa kukaa, sawa, walishakaa hivyo, hawakufa.

"Tuma," anasema Mwenyekiti bila kumtazama, "tuma upesi, halafu tuendelee," na miaka yote hii neno hilo ndilo lililokuwa kufuli, katibu hatumi mpaka aambiwe tuma, na sasa ameambiwa, mbele ya mashahidi, na Kalamu anafuta wapuuze, anafuta uvumi, anafuta shwari, herufi zinarudi nyuma moja moja mpaka kioo kinabaki cheupe, na anaandika bwawa linapasuka, pandeni juu sasa, bebeni wasioweza kutembea, mfuateni fundi, hatafuti neno, hakuna neno linalotafutwa, yote yalikuwepo tangu asubuhi, na anabonyeza. Mvua inapiga bati. Mwanasheria anachukua karanga kwenye kisahani. Kamanda yuko mlangoni anaamrisha gari kwa simu, anamwelekeza dereva njia, na simu nyingine zote ziko mezani zimelala kimya, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao anayeishi bondeni.

"Umetuma?" anauliza Mwenyekiti.

"Nimetuma, Mheshimiwa."

"Safi. Haya, turudi pale kwenye kujiandaa."