Nyumba Isiyo na Kufuli

Mimi ni fundi wa kufuli, na nyumbani kwangu hakuna hata moja. Wateja hunicheka sana. Waache wacheke. Mama mzaa bibi yetu alifungiwa chumbani pamoja na wenzake kabla ya kuuzwa, na alipopata uhuru aliapa kwamba katika ukoo wake hakuna atakayegeuza ufunguo mlangoni. Mimi na dada yangu mdogo tumelelewa hivyo.

Mwaka huu serikali ikatangaza siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliofanywa watumwa. Majina yangesomwa uwanjani, na ndugu wa kila aliyetajwa wangesimama. Nikapeleka jina la bibi yule, kisha nikaenda kwa dada. Nilitaka kitu kimoja tu: asimame nami. Mke wangu alishafariki, watoto sikujaliwa. Nimebaki na yeye.

Alinipokea mlangoni, wala hakunikaribisha ndani.

"Kaka, wakwe zangu hawajui. Niliwaambia sisi ni watu wa ukoo mkubwa."

"Kwani ni mdogo?"

"Acha utani. Watanitazama kwa macho gani?"

"Hayo hayo waliyonayo."

Hakucheka. Niliondoka roho ikiniuma.

Siku ilipofika dada alikuwepo, kwenye jukwaa la wageni waalikwa, kando ya mumewe mwenye tai. Familia iliyotangulia ilisimama safu nzima, hadi vichanga mgongoni. Likasomwa jina letu. Nikasimama peke yangu kama nguzo ya umeme, nikageuza shingo kumtafuta. Dada alikuwa amekaa, anapiga makofi ya adabu, kama anayempongeza mtoto wa jirani. Mumewe akamuuliza jambo, naye akatikisa kichwa. Sijawahi kuwa mpweke vile, hata siku ya kumzika mke wangu, maana siku ile dada alinishika mkono.

Jioni simu ikaita. Kabla ya salamu nikasikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa. Sikio langu halikosei sauti hiyo: dada alikuwa anajifungia chumbani, wakwe wasimsikie.

"Kaka," akanong'ona, "leo ulipendeza. Bibi angefurahi."

"Fungua mlango kwanza, mdogo wangu. Ndipo tumzungumzie bibi."

Nikasubiri nisikie ufunguo ukirudi. Nilimsikia akipumua tu, kisha simu ikakatika.