Maji ya Kusuuza

Dobi alikuwa amepiga magoti mbele ya karai, mikono imezama povuni hadi viwikoni, aliposikia viatu vya katibu wa diwani vikisaga changarawe za uani. Hakugeuka. Nguo za nyumba ile alizijua zote, na mwendo wa watu wake pia.

"Hodi hapa, bibi."

"Karibu, baba. Kiti hicho kimelowa, usikalie."

Katibu hakuja kukaa. Alasiri waziri alikuwa anakuja mtaani kuliona bomba, na diwani alitaka bibi asimame tena kama siku ile ya ufunguzi. Afungulie maji, ajaze glasi, anywe, ashukuru. Basi, kazi yake iishie hapo.

"Bomba lipi, baba? Hili letu kavu?"

"Leo halitakuwa kavu."

"Mtalileta tena lile gari la tangi."

Katibu aliitazama kamba, shati jeupe la diwani likiyumba juu yake. "Maji yapo, bibi. Ya kutosha glasi na makofi."

"Na kesho?"

"Kesho ina wenyewe." Akaokota kibanio kilichoanguka chini, akakigeuzageuza. "Wewe unafua nguo za nyumba ya diwani kila wiki. Hapa mtaani nani mwingine anakuletea nguo siku hizi?"

Dobi alifikicha kona ya shuka, akafikicha tena mahali palepale. Swali lile lilikuwa kufuli. Katibu akalichukua shati, bichi kidogo kwenye mishono, akaenda zake.

Siku ya ufunguzi alikuwa hajui lolote. Walimchagua yeye kwa sababu alikuwa mzee, na kwa sababu kila mtu alikuwa amemwona akipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, miaka nenda miaka rudi. Alipofungulia lile bomba jipya maji yakaruka, yakamlowesha kifua, akacheka kama msichana. Kipaza sauti kilipofika mdomoni, maneno yakamtoka moyoni yenyewe: "Nimeyafuata maji tangu nywele zangu nyeusi. Leo maji yamenifuata mimi. Diwani, Mungu akuzidishie."

Bomba halikumaliza hata wiki. Likakohoa, likanyamaza. Nyuma ya ukuta wa zahanati watu wakakuta alama za magurudumu na kipande cha mpira wa maji, wakaelewa kwamba siku ile tangi lilikuwa juu ya pikapu, limefichwa. Siku hizohizo mke wa diwani akamletea dobi furushi lake la kwanza la nguo. Mtaa ukapiga hesabu zake, ukapata jibu lake. Aende akamweleze nani kwamba hakujua? Mdomo wake wenyewe ulishasema, tena kwa kipaza sauti.

Wakambandika jina: Bibi Glasi. Wateja wakapungua mmoja mmoja, kama vifungo vya shati kuukuu. Kisha likaja bango barabarani, uso wake mkubwa kuliko mlango wa nyumba yake, glasi mkononi, na chini yake maneno AHADI IMETIMIA. Kila asubuhi alipopanda na ndoo alipita chini ya kile kicheko. Mtaa mzima, aliyemchekea alikuwa yeye mwenyewe.

Hayo yote angeyameza. Kilichomkaa kooni ni muuza mkaa.

Ua wa muuza mkaa ulitenganishwa na wa dobi kwa ukuta mfupi wa mawe. Kwa miaka mingi dobi aliweka pasi yake juu ya jiwe la katikati, kifuniko wazi, na jirani akaitilia makaa ya moto kwa koleo, wakisemezana: mume huyu, mguu ule unauma, mkwe hajapiga simu. Kama mmoja alinuna, mwenzake alisema, "Shoga, leo umelala na pilipili?" na maneno yakaanza. Baada ya lile bomba kufa, asubuhi moja pasi ilikaa juu ya jiwe mpaka jua likapanda. Dobi akaichukua tupu. Hakuiweka tena. Sasa aliwasha makaa yake mwenyewe kwa kiberiti, vijiti vitatu vinne na moshi wa kutosha kumliza, na hilo lilikuwa na nafuu yake: machozi yalipata kisingizio.

Alasiri ikafika, mashuka ya diwani bado yana sabuni. Kufua si kazi, madobi wote wanalijua hilo. Kazi ni kusuuza. Maji ya kwanza hutoka kama maziwa, ya pili yanafifia, ya tatu ndiyo unaona mkono wako chini. Nguo iliyosuuzwa mara moja inang'aa kwenye kamba kama nyingine, lakini ikifika mwilini inawasha. Lile shati alilolichukua katibu alikuwa amelisuuza mara moja tu. Maji ya bondeni yalimwishia, na jirani wa kumwazima ndoo hakuwepo.

Akajitwisha karai lenye mashuka. Akaenda bombani, kwenye mkutano.

Viti vilipangwa chini ya turubai, waziri katikati, diwani kando yake, ndani ya lile shati. Katibu akamkimbilia. "Karai la nini hilo?"

"Nguo za mkubwa wako. Zikikaukiwa na sabuni zinaharibika. Si umesema maji yapo?"

Katibu akaona waziri anatazama, akampisha.

Dobi akafungulia bomba. Maji yakaja kwa nguvu ileile. Akajaza glasi, akanywa yote, akapanguza mdomo kwa ncha ya kanga. Kipaza sauti kikaletwa.

"Maji matamu," alisema. Kisha akafikiri kidogo. "Naomba nisuuze."

Watu wakacheka. Waziri naye akacheka. "Mwacheni mama afanye kazi. Maji ni ya kazi."

Akainama. Shuka la kwanza, maji ya kwanza, akamwaga, ya pili, akamwaga, ya tatu. Hakuharakisha. Alilikamua, akaliweka begani, akachukua la pili. Makofi yalikwisha, lakini bomba lilikuwa bado wazi. Katibu akamsogelea akisema huku amebana meno: "Bibi, inatosha."

"Bado lina povu, baba. Njoo ushike uone."

Diwani alijikuna shingo.

Hapo nyuma kiti kikalia. Muuza mkaa aliinuka, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, ameshika ndoo. Akapita katikati ya watu wazima wenye suti, akaitega ndoo yake chini ya bomba, kando kabisa ya karai. Hakumtazama dobi. Ndoo ikajaa. Nyuma yake ikaja nyingine, kisha dumu, kisha sufuria, kila mtu akingoja zamu yake, kama wako kwenye foleni ya msiba.

Maji yakawa membamba kama kidole. Yakawa uzi. Bomba likakohoa, likatema hewa, likanyamaza. Kikohozi kile kila mtu pale alikuwa anakijua.

"Diwani," waziri alisema, "maji yamekwenda wapi?"

"Yamekwenda kujaza mafuta, mheshimiwa," sauti ikajibu kutoka nyuma.

Hakuna aliyecheka. Waziri akainuka, akaelekea ukuta wa zahanati kwa miguu yake, na umati mzima ukamfuata, diwani nyuma kabisa akijikuna. Zikasikika kelele, mlango wa gari, jina la diwani likiitwa mara mbili. Dobi alibaki peke yake mbele ya viti vitupu, shuka la mwisho bado jeupe kwa povu. Aliwatazama wakienda. Hakuna aliyegeuka kumwambia neno, wala la heri wala la shari. Muuza mkaa alikuwa ameshaondoka na ndoo yake.

Jioni dereva wa diwani alikuja kuchukua nguo zote, hata lile shuka la sabuni. "Nimeambiwa nguo hazitaletwa tena," alisema, macho chini. Kuhusu diwani, wengine walisema ataitwa kujieleza, wengine wakasema paka hafi kwa kuanguka. Bango lilikuwa palepale.

Asubuhi dobi aliamka saa yake ya siku zote, akakumbuka hana nguo ya mtu. Akatoa gauni lake moja la kutokea, lililokuwa limenyooka tangu zamani, akalitandika mezani. Akaichukua pasi. Akasimama nayo kidogo, nzito vile, mkono ukikitafuta kiberiti.

Badala yake akatoka uani, akaiweka juu ya lile jiwe la katikati. Akafungua kifuniko. Akarudi kizingitini, akakaa ameupa ukuta mgongo, mikono mapajani, maana kusubiri huku unatazama ni kuomba.

Pasi ikakaa pale, mdomo wazi, jua likianza kugusa chuma chake.

Ng'ambo ya ukuta, koleo lilichota makaa. Labda ni ya mteja. Dobi akasikiliza hatua zinaelekea upande gani.