Damu ya Kujaribia Mashine

Truphosa alikuwa na tabia moja ambayo hakufundishwa chuoni. Kila mwezi, kabla ya kuiamini mashine ya kupima damu, aliionjesha damu yake mwenyewe. Sampuli maalumu za kuhakikishia mashine hazikuwa zikifika kwenye kliniki yao ndogo ya Salgaa, na damu yake aliijua kama anavyojua chumvi ya sufuria yake: chembe nyeupe elfu sita, mwaka nenda, mwaka rudi. Kalenda ya ukutani ilijaa sita tupu.

Kisha kompyuta ya zamani ikafa. Ilikuwa na Windows XP, na programu ya mashine haikujua nyumba nyingine. Miezi minne Truphosa akahesabu chembe za wagonjwa kwa darubini hadi macho yakamwasha. Kompyuta mpya ilipoletwa na Windows 11 yake, programu ilikataa katakata kufunguka. Ndipo akaitwa Zeddy, fundi kutoka mtaa wa Section 58 mjini Nakuru, mwenye maneno mengi kuliko vifaa.

"Madam, hii kitu ni rahisi," Zeddy alisema. "Tunaidanganya tu. Tunaiambia bado iko kwa XP."

Akabofya hapa na pale, akachagua toleo la zamani kwenye orodha, na kweli programu ikafunguka. Truphosa akajifunga mpira mkononi, akajitoa damu, akaipa mashine.

Elfu mia moja na arobaini.

Truphosa akacheka. "Umeidanganya mpaka nayo inanidanganya mimi."

"Labda inataka Windows seven," Zeddy akasema, akabadilisha, wakapima tena. Elfu mia moja arobaini na moja. Akajaribu toleo la Vista. Mia moja na arobaini.

Kicheko kikamkauka. Mwongo husahau, lakini hii mashine ilikuwa inarudia neno lile lile. Alikumbuka alama za buluu mapajani, alizosingizia kona ya meza. Alikumbuka uchovu, aliousingizia darubini, na ufizi uliotoka damu Jumapili alipopiga mswaki kabla ya kanisa. Hesabu kama ile alishaiona mara mbili katika kazi yake, na wagonjwa wote wawili walipelekwa Nakuru wakakutwa na saratani ya damu. Mmoja alizikwa kabla ya Krismasi.

Akaomba kimoyomoyo, Mungu amsamehe, kompyuta iwe mbovu. Wagonjwa wote wa Salgaa warudi kungojea darubini hata mwaka mzima, bora mashine iwe inasema uongo.

"Leta mkono," akamwambia Zeddy.

"Wangu? Zii, madam! Mimi ni wa kompyuta. Sindano hatusikizani."

"Zeddy, tafadhali."

Sauti yake ilitetemeka, na Zeddy akaisikia. Akakunja mkono wa shati, akageuza uso kutazama malori yaliyoegeshwa nje.

Mashine ikanguruma. Truphosa akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ilikuwa dakika moja tu, ile ile ya siku zote, lakini aliona haiishi.

Elfu saba.

"Imekubali!" Zeddy akapiga makofi. "Si nilikushow? Hata ile yako ya kwanza, pima tena sasa. Hii mashine iko sawa kabisa."

"Iko sawa," Truphosa akasema.

Zeddy alikusanya nyaya zake akipiga mluzi, kisha akamsogezea karatasi ya kazi. "Niwekee sahihi hapo chini, madam. Kwamba umejaribu mwenyewe na umeona inapima vizuri."

Truphosa akaisoma ile sentensi mara mbili. Akatia sahihi.

Fundi alipotoka, akapaka tone la damu yake kwenye kioo, akakiweka chini ya darubini, akawasha taa. Darubini haina Windows ya kulaumiwa. Alikaa pale mikono mapajani, juu ya zile alama za buluu, na hakuweza kuinamisha kichwa kutazama.