Kichupa cha Bobini

Kulikuwa na mshonaji mwenye desturi moja iliyowaudhi wateja wake wote, wala hakuna aliyeweza kumwachisha: hakukabidhi nguo iliyokwisha. Utakuta shati limepigwa pasi, limekunjwa, kola imesimama, ila kifungo kimoja hakipo. Hicho, alisema, yeye hukishona mteja akiwa ameshaivaa nguo, aone inavyomkaa. Ukweli ni kwamba alipenda watu warudi. Mteja akirudi atapewa kiti, atapewa chai, ataulizwa habari za wanawe na atachekeshwa mpaka asahau kilichomleta. Mtaa mzima ulimwita Mama Kifungo, na hakuna aliyejua lini anasema kweli na lini anatania.

Mtu mmoja tu hakurudi kirahisi, naye ni mwanawe wa pekee. Huyu alifanya kazi katika maabara ya zahanati upande wa pili wa mji, akipima damu na mikojo ya watu kuanzia asubuhi hadi jioni. Mama yake alimwita Daktari, nusu kwa fahari na nusu kwa kejeli. Alikuwa mwana mwema wa kwenye simu. Atapiga, atasalimia, atasema "nitakuja, mama," na habari ikaishia hapo. Ahadi ni deni, lakini mwanao akiwa mdeni utamshtaki wapi?

Mwaka ule ilipita miezi minne hajamtia machoni. Kisha Jumapili moja akaingia amekumbatia katoni ya sabuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Miezi minne, halafu unaniletea sabuni?"

"Si sabuni, mama. Tazama."

Ndani mlikuwa na kitoto cha mbwa cha wiki nane, kahawia, kimeviringana.

"Ni wa wajukuu zako, wamelia mpaka nimechoka," Daktari alisema. "Ila mkweo hataki kiumbe cha kukojoa ndani, vigae tumeviweka juzi tu. Nikasema, nani wa kumfunza kama si wewe? Si ulinifunza mimi?"

"Wewe ulinichukua miaka mitatu."

"Huyu hatachukua hata miezi mitatu. Akizoea kujisaidia nje namchukua. Na kila Jumapili nitakuwa napita kumwangalia."

Mama Kifungo hakuwa mpenzi wa mbwa. Lakini hiyo "kila Jumapili" ilimwingia sikioni ikakaa. Akaipokea katoni.

Siku ile ile kitoto kilibingirika chini ya cherehani kikatoka na uzi umekizunguka tumbo mara tatu, kikaitwa Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani. Malezi yakaanza, na malezi ni malezi, awe mtu au mbwa. Alimtandikia vipande vya flana ndani ya katoni. Alimchemshia wali laini na nyama ya kusaga isiyo na chumvi, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Kila asubuhi, kabla ya kumfungulia, alipitisha sumaku sakafuni kuokota pini, maana Bobini alikuwa na tumbo lisilobagua: alikula chaki, alikula futi ya kupimia mpaka sentimita ya arobaini, alikula kisigino cha kandambili. Alifokewa, akalala juu ya miguu ya mfokaji.

Kuhusu kojo, Mama Kifungo alikuwa mwalimu wa kuzaliwa. Mbwa akiamka, nje. Akila, nje. Akimaliza kucheza, nje, mahali pale pale, chini ya tangi la maji. "Haya, kazi!" alimwambia, na kazi ikifanyika alimsifu kwa sauti iliyowafanya majirani watoke kuona nani amefaulu mtihani. Wiki ya tatu ilipokwisha, Bobini mwenyewe alikuwa anakwenda mlangoni, anakwaruza, anangoja afunguliwe.

Na Daktari kweli alikuja. Jumapili tatu mfululizo! Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanywa chai, akabadilisha taa iliyoungua. Mama yake alimweleza kwamba siku hizi kinywa kinamkauka, anakunywa maji kama ng'ombe, na nyayo zinamwaka moto.

"Nitakuletea kile kifaa nikupime, mama. Jumapili ijayo."

Jumapili iliyofuata alikuja na mpira wa Bobini. Kifaa alikuwa amekisahau. Majirani walimshauri mama aende tu zahanati ya hapo mtaani. "Nina daktari wangu," aliwajibu.

Ilikuwa Jumamosi, anamtazama Bobini akikwaruza mlango kwa adabu, furaha ilipomtoka ghafla. Nguo imekwisha. Nguo ikikwisha mteja anachukua chake na kwenda zake. Kesho Daktari angeuliza, "Vipi, bado anakojoa ndani?" naye angejibu hapana, na ile katoni ingetoka mlangoni na Jumapili zake zote zikiwa ndani.

Basi akabakiza kifungo.

Maji hayangefaa. Chai haingefaa. Mwanawe alishinda na mikojo siku sita kwa wiki, pua yake isingedanganyika. Kwa hiyo kesho yake Mama Kifungo, mtu mzima mwenye wajukuu, mwanamke aliyeheshimika mtaani, alichukua kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono, akaingia nacho chooni, akatoka, akamwaga kidogo penye pembe ya mlango. Aliona aibu mpaka akajicheka peke yake. Halafu akanawa mikono na kuweka chai jikoni.

"Bado?" Daktari aliuliza alipoingia.

"Si unaona mwenyewe."

Daktari alimkamata Bobini shingoni, akamsukuma pua penye kile kidimbwi na kumchapa na gazeti lililokunjwa. Bobini hakulia. Alimtazama mama tu. Mama naye akatazama kikombe chake cha chai, na moyo ukamuuma. Mwanawe alipoondoka alimpa Bobini nyama yote iliyokuwa sufuriani. Akamwomba radhi pia, kwa maneno kamili, kama anavyoombwa mtu.

Jumapili nyingine akarudia. Na nyingine. Mwezi mzima mbwa alichapwa kwa kosa la mwanamke, na mwanamke akapata chai na mwanawe.

Jumapili ya tano ya mchezo huo Daktari alichelewa. Kidimbwi kilimwagwa saa nne asubuhi, yeye akaingia saa tisa alasiri. Alikunja gazeti kama kawaida, akainama, akasita. Mstari wa sisimizi ulikuwa umetoka ufa wa ukuta, umepita chini ya cherehani, na umekizunguka kidimbwi pande zote.

Daktari akapiga magoti.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Bobini anakunywa maji sana?"

"Kama kila mtu humu ndani."

"Acha utani. Anakojoa mara nyingi?"

"Mara nyingi."

"Amepungua mwili?"

Mama Kifungo alishika kiuno cha gauni lake, alilolibana kwa pini mwezi ule, tena mara mbili. Maswali yote yalimhusu mbwa, na yote yalimwangukia yeye. "Amepungua," alijibu polepole.

Daktari alifungua mkoba wake wa kazini. Alitoa bomba la sindano, akafyonza kilichobaki sakafuni, akakitia kwenye kichupa na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: BOBINI. Hakunywa chai. Aliondoka mbio, na mama yake hakukumbuka kumwona akikimbia hivyo tangu alipokuwa mtoto wa shule.

Kesho yake jioni alirudi. Siku ya kazi! Macho yalikuwa yamemwiva.

"Sukari, mama. Imefika mwisho wa kipimo. Miaka kumi na miwili nafanya kazi hii, ni wachache nimewaona hivi. Nashangaa bado anatembea."

Mama Kifungo aliketi. Bobini alikuwa nyuma ya kiti anatafuna utepe, mzima, mnene, anafurahi kuona wageni.

"Sasa inakuwaje?" mama aliuliza.

"Namchukua leo leo. Kiumbe cha hali hii hakiachwi peke yake. Anaweza kuanguka humu, na asiwepo wa kumwokota."

"Anakula nini, mtu... mbwa wa hivyo?"

"Asiguse kitu kitamu. Ale kidogo kidogo. Miguu iangaliwe kila siku, kidonda kidogo tu kinaweza kumla mguu mzima. Na awe karibu na watu wake, mama. Hilo ndilo kubwa."

Aliyasikiliza yote na kuyashika. Waliosema mficha maradhi kilio humfichua hawakumwona Mama Kifungo jioni ile. Angeanzia wapi? Kwamba alikojoa sakafuni kwake ili mwanawe aje? Kwamba mbwa alipigwa bure? Aibu ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa.

"Na mimi?" alisema mwishowe. "Kile kifaa chako?"

Daktari alijipiga paji la uso. "Nimekisahau tena, mama! Nimechanganyikiwa na huyu. Jumapili."

Akambeba Bobini kifuani. Walipofika uani, mbwa alifurukuta, akaruka chini, akaenda moja kwa moja chini ya tangi, akafanya kazi yake na kurudi akitikisa mkia.

"Ona, maskini," Daktari alisema. "Leo amejitahidi."

Jumapili ile hakuja. Mama Kifungo alipitisha sumaku sakafuni kwa mazoea, akaficha kopo la sukari juu ya kabati, akavua viatu na kuzitazama nyayo zake kidole kwa kidole. Penye kisigino palikuwa na mchubuko asioujua ulitoka wapi. Hakuusikia hata alipoubonyeza.

Siku ya tisa simu ililia.

"Mama! Daktari wa mifugo kampima damu mara mbili, Bobini hana kitu! Mzima kabisa. Na tangu aje hajakojoa ndani hata tone, anakwenda mlangoni mwenyewe anakwaruza. Mkweo haamini. Watoto wanalala naye."

"Nashukuru," mama alisema, na alishukuru kweli.

"Ila nimebaki najiuliza. Ule mkojo ulikuwa wa nani?"

Mama Kifungo aliegemea cherehani. Koo lilikuwa limemkauka. Alifikiri juu ya kisigino chake, na juu ya gazeti lililokunjwa, akaona aibu imeshazeeka, haina tena kazi.

"Ulikuwa wangu," alisema.

Daktari akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakohoa, akasikika akimwita mkewe. "Hebu njoo umsikie bibi! Nimemuuliza ule mkojo ni wa nani, anasema wake!" Mke naye akacheka, na watoto wakacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka, na Bobini akabweka.

"Mwanangu, sitanii."

"Mama nawe! Hii lazima niwasimulie wenzangu maabara."

"Utakuja Jumapili?"

"Jumapili hii Bobini ana chanjo. Ile nyingine, mama, Mungu akipenda." Bado alikuwa anacheka alipokata simu.

Mama Kifungo aliiweka simu juu ya shati la mteja, akaenda mtungini, akanywa kikombe cha maji, akajaza kingine.