Maji ya Kutasa

Msinicheke. Mimi Elijah, mwalimu wa wasomaji waliojiandaa kubatizwa pale Werugha mwaka wa 1913, nilitetemeka mwili mzima kwa sababu ya kibuyu cha maji.

Wakio alinijia asubuhi, ukungu bado umefunika migomba. Hata salamu hakutoa.

"Mwalimu, mtoto anawaka homa siku ya tatu. Mganga anasema kuna mtu amemwekea baba yake kinyongo. Amekutaja wewe. Njoo utase, nakuomba."

Mungu wangu! Kwetu Wadawida, mwenye kinyongo hutia maji au pombe mdomoni, akayatema huku akiitamka hasira yake, ndipo mgonjwa apone. Na mimi nilikuwa nimepiga kelele kanisani Jumapili tatu mfululizo dhidi ya kutasa huko. Nikienda, padri akasikia, nimekwisha. Nisipoenda na mtoto akafa, je?

Lakini kilichonitia baridi hasa ni kwamba mganga alisema kweli. Mwandawiro, mume wa Wakio, aliniuliza swali mbele ya darasa, nikashindwa kujibu, watu wakaangua kicheko. Wiki ileile nikamfuta kwenye orodha ya ubatizo. Nikamwambia padri, "Huyu hata kuomba hajui." Uongo mtupu! Nilitaka tu aone mwalimu ni nani.

Nilimfuata Wakio. Nyumbani kwao wasomaji wangu wawili walikuwa wamesimama mlangoni, wananitazama. Ndani, mtoto alikuwa amelazwa juu ya ngozi, anahema haraka haraka, macho hayafungi wala hayaoni. Mwandawiro alikuwa kando yake.

Wakio akaninyooshea kibuyu. "Ni maji, mwalimu. Pombe nimeiacha kwa heshima yako."

Heshima! Nilitamani nizame ardhini. Nikakipokea, nikakiweka chini, nikapiga magoti mbele ya Mwandawiro.

"Sitatema maji," nikasema. "Lakini hasira ninayo. Nilikufuta kwa kinyongo. Nilimdanganya padri. Nimekukosea wewe, nimemkosea Mungu. Nisamehe, ndugu yangu."

Kule mlangoni mtu aliguna. Nikajua ualimu wangu umeishia hapo. Mwandawiro alinitazama hadi nikaogopa atanipiga.

"Kumbe ulikuwa unajua kuwa umenionea," akasema. Kisha, "Haya. Nimekusamehe. Muombee mtoto."

Nikafumba macho. Mimi niliyezoea kuomba mpaka wazee wasinzie, sikupata hata neno moja. Nilisikia tu pumzi ya mtoto, fupi, fupi, halafu kimya, halafu tena fupi.

Ndipo mkono wa Mwandawiro ukanishika bega.

"Baba yetu," akaanza, polepole, yule niliyesema hajui kuomba, "tuonee huruma. Mtoto huyu, na mwalimu wetu pia."

Nikaitikia amina.