Mahari Yangu Kwenye Kiwanja cha Pete

Uwanja wetu wa mji, pale Shinyanga, haujawahi kujua kukataa kazi. Ulijengwa miaka ya sitini kwa nguvu zetu wenyewe, sisi watoto wa shule tukisomba mawe kichwani, na tukaambiwa ni wa michezo. Michezo ilichezwa, sikatai: mpira wa miguu katikati, mbio pembeni, mpira wa pete nyuma ya jukwaa, na ndondi ndani ya banda la mabati. Msimu wa mavuno banda lilijaa pamba, mabondia wakawa wanaangukia marobota na kuinuka wakicheka. Lakini hapo hapo tulichanjwa, tukahutubiwa, na vikundi hasimu vya ngoma za Kisukuma, Bagika na Bagalu, vikashindana kucheza mpaka nyasi zikaisha.

Mwishoni mwa sabini na nane, vita vilipoanza kule Kagera, uwanja ukapata kazi mpya: kukusanyia ng'ombe wa kuwachangia askari wetu. Kiwanja cha pete kilikuwa na uzio wa waya, basi ng'ombe wakaingizwa humo na sisi wachezaji tukahamishiwa bandani. Mimi nilikuwa mlinda goli. Nahodha wetu, Paskalina, alisema goli limepata walinzi wa maana, kwa kuwa ng'ombe hasinzii mchezoni kama Limi.

Nilikuwa na haki ya kusinzia mchana, maana usiku sikulala. Baba yangu, Mzee Masele wa Ibadakuli, alikuwa amesema kwamba Jumamosi jua likizama kabla mchumba wangu Ngassa hajafikisha mahari, atapokea ng'ombe wa mchuuzi mmoja wa Kahama. Mchuuzi huyo alikuwa na wake wawili, na jino la dhahabu alilolionyesha hata pasipo na kichekesho. Ngassa alishaomba kusogezewa siku mara mbili. Baba hakuwa mtu wa kuombwa mara ya tatu.

Jumamosi ikafika. Alasiri tukiwa mazoezini, Ngassa akaingia bandani, vumbi mpaka kwenye kope, anang'aa kwa furaha.

"Limi! Kumbe watu wa mjini mna adabu namna hii?"

"Ng'ombe wako wapi?" nikamuuliza.

"Wanapumzika. Toka Samuye hawajanywa maji. Ningewafikishaje kwa mkwe wanahema kama wa wizi? Nimeona zizi hapo nyuma, lina maji, lina mgambo wa kulinda. Nikawaingiza. Watu wakanipigia makofi! Kamanda wao akanikumbatia, akaniuliza jina langu na la kijiji. Nikasema moyoni, kumbe habari za harusi yetu zimefika hadi serikalini!"

Paskalina akauachia mpira ukabiringika. "Shemeji," akasema polepole, "pole sana. Umeshaolewa na jeshi."

Kabla hajaelewa, kipaza sauti cha jukwaani kikakohoa: "Wananchi, igeni mfano wa kijana Ngassa wa Samuye! Ametoa kundi zima kwa ajili ya taifa!"

Nilimwona Ngassa akitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akakaa chini. Nani angekwenda kumwambia kamanda, wakati wa vita, mbele ya watu wote, kwamba tunataka ng'ombe wetu? Angeitwa msaliti kabla hajamaliza salamu.

"Nyanyuka," nikamwambia. "Nitasema mimi. Wakinifunga, angalau Kahama siendi."

Tulipofika kwenye uzio, nani amesimama pale kama si baba? Alikuwa dukani ananunua chumvi, kipaza sauti kikamfuata huko huko.

"Shikamoo, baba," Ngassa akasema.

"Marahaba. Hodari sana wewe. Umetoa mahari kwa kamanda, basi mwoe kamanda. Ana ndevu, lakini mtazoeana."

"Baba, nilidhani..."

"Jua lile pale," baba akasema, akilionyesha kwa fimbo. Lilikuwa limeshagusa paa la jukwaa.

Nikageuka nimfuate kamanda. Ndipo bwana mifugo, Pantaleo, akachomoza katikati ya ng'ombe, viatu vimejaa samadi, anafoka.

"Nani kaleta mitamba? Huyu ana mimba! Na huyu! Tulitangaza madume tu. Askari wanataka nyama, ninyi mnawapelekea wazazi!"

Duh! Nilitamani nimbusu na samadi yake. Kwetu mahari ni mitamba. Anayepeleka madume matupu anamtakia mkwewe zizi lisilozaa. Ng'ombe wa Ngassa wote walikuwa majike, isipokuwa dume moja jeusi la kuwasindikizia.

"Yatoeni haya majike," Pantaleo akasema. "Dume linabaki. Hili la nani, nimwite balozi wake wa nyumba kumi ashuhudie?"

Ngassa akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu, kwa sababu nilikuwa nimemwona baba. Baba alikuwa hajachangia hata kwato. Kila balozi alipopita, baba alikuwa na ng'ombe mgonjwa, au mgongo mgonjwa, na wiki ile balozi alisema sasa atakuja na mgambo. Nikamtazama akilitazama lile dume. Akakohoa. Akavuta koti lake.

"Langu," akasema. "Mzee Masele, Ibadakuli. Nimelitoa kwa moyo mweupe."

"Lako tangu lini, mzee?" Paskalina akamuuliza, macho makavu, shetani yule. "Si limekuja na ng'ombe wa Ngassa?"

"Ng'ombe wa Ngassa gani, mtoto wewe? Hawa ni wangu. Wa mahari ya binti yangu. Wote!"

Paskalina alipiga kigelegele kikamshtua hata kamanda. Wachezaji wetu wakaitikia, maana kila mtu pale alijua: baba akishasema mbele ya watu kwamba ng'ombe ni wake, mahari imepokelewa, na hakuna wa Kahama wala wa wapi anayeweza kuirudisha nyuma. Baba mwenyewe alitambua sekunde moja baadaye. Akanitazama, akamtazama kamanda aliyekuwa akija kumshika mkono, akaamua kufurahi.

Timu nzima ya pete iliwatoa mitamba langoni, mmoja mmoja, tukiwazuia kwa mikono kama wafungaji wa timu pinzani. Njiani kwenda Ibadakuli, tulipokwisha kupita reli, Ngassa akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Limi, kwa hiyo yale makofi hayakuwa ya harusi?"

"Swaga ng'ombe, Ngassa," nikamwambia, nikicheka mpaka machozi. "Swaga tu."