Kivuli cha Askofu Lomorukai

Siku ya tatu baada ya mazishi, Atabo alikuwa akisuuza mitungi ya maji nyuma ya nyumba yake mjini Lodwar alipoona kwamba hapo alipochuchumaa hapakuwa na jua. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Hapakuwa na mti karibu, ukuta ulikuwa mbali, na mbingu ilikuwa tupu. Akaufuata ukingo wa kivuli kwa macho: mabega mapana, kichwa kilichoinama kidogo, na juu yake ile kofia ndefu yenye ncha mbili ambayo maaskofu huvaa siku za ibada kubwa. Alikitambua. Alikuwa ameishi nacho miaka thelathini na minane.

"Ungekuja mapema," alikiambia. "Mitungi karibu imeisha."

Akavuta beseni la maji ya mbuzi likaingia kivulini, akaendelea na kazi.

Mume wake, Askofu Filemoni Lomorukai wa Kanisa la Anglikana, alizaliwa kwa wafugaji wa upande wa Loima. Alijifunza kusoma akiwa na miaka kumi na sita, kwa kitabu cha sala kisichokuwa na jalada, na kwa muda mrefu aliamini kwamba vitabu vyote huanza ukurasa wa tisa. Alipokuwa kasisi alikwenda Kakuma kwa miguu. Alipowekwa wakfu kuwa askofu alipewa gari, na gari hilo lilibeba wagonjwa zaidi ya lilivyombeba yeye. Alifungua shule nne. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliwaweka wakfu makasisi kumi na mmoja, na kila Jumapili ya pili ya mwezi alisali nao, mvua ikinyesha au isiponyesha, na kwa kawaida haikunyesha.

Lakini watu walipomzungumzia walizungumzia namna alivyosimama. Ibada nyingi za Turkana hufanyika nje. Kabla ya kufungua kitabu, Askofu alilitazama jua, kisha akamtafuta bibi mzee kuliko wote asiye na kivuli, akasimama mahali ambapo kivuli chake kingemwangukia. Jua liliposogea, naye alisogea. Mahubiri yake yalizunguka uwanja polepole, na wageni waliotaka kumpiga picha walipata taabu. Sikio lake la kushoto lilibabuka, likapona, likababuka tena, mpaka likawa gumu kama ngozi ya kiatu.

Siku ya nne alikuja Barnaba Wekesa, katibu wa dayosisi, mtu wa Bungoma aliyekuwa Lodwar kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa mtu mwema na mafaili yake yalikuwa safi. Alileta daftari la mali ya kanisa na utepe wa kupimia.

"Pole tena, Mama Askofu."

"Asante. Ingia hapa, kuna baridi."

Wekesa akaingia kivulini, akafuta jasho, akapima. Kilikuwa mita tano kwa tatu. Akaandika chini ya viti vya plastiki na vipaza sauti: *Kivuli, kimoja, hali nzuri.* Akaeleza kwamba Jumapili kungekuwa na ibada ya kumbukumbu katika kanisa kuu, kwamba wageni wangetoka Nairobi kwa ndege, na kwamba kamati ilipendekeza kivuli kisimame mbele, kando ya meza ya Bwana.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa ambalo mtu wa Bungoma angelifanya bila kujua. Kwao mtu yeyote hukaa chini ya mti wowote. Kando ya mto Turkwel kila mti una nyumba yake. Majani yake, matunda yake na kivuli chake ni mali ya ukoo, na haki hiyo huitwa *ekwar*. Mwenye ekwar ndiye huonyesha mpaka wake, ndiye humkaribisha mgeni, na akifa, nyumba yake hurithi. Wekesa alikuwa amepita kando ya miti hiyo miaka kumi na miwili bila kuuliza.

"Umeandika hii kivuli ni ya nani?" Atabo aliuliza.

"Ya dayosisi, Mama. Alikuwa Askofu."

"Kule kanisani alikuwa Askofu. Hapa alikuwa bwana yangu. Na wewe hata hujauliza, umeingia na kamba ya kupima."

"Lakini huu si mti, Mama."

"Ndiyo nasema. Mti unaweza kukata. Hii utakata na nini?"

Wekesa akacheka, akanywa chai yake. Hakufuta alichoandika, lakini aliweka alama ya kuuliza pembeni kwa penseli.

Siku ya tano simu ililia. Alikuwa Clotilde, katekista wa Kakuma, mama wa Kikongo kutoka Uvira aliyekaa kambini miaka kumi na tano.

"Mama Askofu, siye hatukufika kumzika Baba. Tuliomba ruhusa ya kutoka kambini, watu arobaini. Walikataa wote."

"Najua, binti yangu. Niliangalia barabara siku hiyo."

"Na sasa kuna ingine."

Clotilde alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza katika madirisha mengi. Mwezi wa tatu upepo uliondoa bati la kanisa lao. Waliomba kuezeka upya, na ofisi moja ya kambi ikajibu kwamba hakuna kuezeka bati, kwa kuwa mahali pale ni pa muda. Wakasali juani. Mwezi wa sita bibi mmoja alianguka katikati ya Imani ya Nikea na hakuamka. Ofisi ileile ikaandika barua ya pili, kwamba ni hatari watu kukusanyika pasipo na kivuli. Jumapili saa sita mchana afisa angekuja kukagua. Akikuta hakuna kivuli, kiwanja kingechukuliwa kiwe yadi ya kuwekea magogo.

"Bati wanakataa, kivuli wanataka," alisema Atabo.

"Ndiyo hivyo, Mama. Watu mia tatu. Mimi sina pa kubapeleka."

Atabo alitazama nje. Kivuli kilikuwa kimeshatoka nyuma ya nyumba, kimesimama getini, kimeelekea Kakuma. Akahesabu siku kwa vidole. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya pili ya mwezi.

"Sema watu wakae tayari," alisema. "Bwana yangu hajawahi kuchelewa."

Waliondoka Ijumaa alfajiri. Atabo alikaa mbele katika pikapu ya kanisa, fimbo yake kati ya magoti, na Barasa dereva aliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, maana kivuli kilitembea. Ni kilomita mia moja na ishirini. Waendesha boda boda waliokuwa wakienda upande huo walipunguza mwendo ili wabaki ndani yake.

"Mama, huyu mzee hachoki?" mmoja wao aliuliza.

"Anachoka. Akisimama, nawe simama."

Kiliposimama, wachungaji walileta mbuzi wao wakalala ndani, na kilipoondoka, mbuzi walifuata kidogo kisha wakarudishwa. Wanawake waliokuwa wakichoma makaa walikisalimu. "Ejok?" walisema, na Atabo akajibu kwa niaba yake, "Ejok-nooi."

Wekesa alipiga simu mara tatu.

"Mama Askofu, wageni wameuliza. Niwaambie nini?"

"Waambie karibuni."

"Watakaa wapi?"

"Wageni wako na mahema, wako na miavuli, na wako na ndege ya kurudi. Wape chai, Wekesa."

Karibu na Kakuma kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari alikagua kitambulisho cha Atabo na cha Barasa, kisha akauliza cha kivuli.

"Tulirudisha kwa chifu wiki iliyopita," alisema Atabo. "Mtu akikufa inarudishwa."

Askari akakubali kwamba ndivyo sheria ilivyo. Aliomba tu kisimame dakika tano upande wa kibanda chake, kwa kuwa bati lake lilikuwa linawaka, nacho kikasimama. Kisha akainua kizuizi.

Jumapili saa tano kiwanja kilikuwa kimejaa. Zilikuwa zimebaki nguzo sita, na katikati yake watu mia tatu na zaidi: Wakongo, Wanuer, Wadinka, Warundi, na wanawake wa Kiturkana kutoka nje ya kambi waliokuja kwa sababu Askofu alikuwa wa kwao kabla hajawa wa mtu mwingine. Kong, mzee wa kanisa, Mnuer mrefu aliyekaa Kakuma miaka ishirini na tisa, alikuwa amesimama mbele, mikono ameipanua.

"Unafanya nini, Mzee Kong?" Clotilde aliuliza.

"Nasaidia. Mimi ni mrefu."

"Kivuli yako haifikie hata bibi yako."

"Bibi yangu ni mnene. Hiyo si kosa ya kivuli."

Watu wakacheka, na wakiwa wanacheka, Askofu akaingia uwanjani. Kivuli kilipita katikati yao kama alivyokuwa akipita, polepole, kikisimama hapa na pale. Kila kilipopita, vichwa viliinuliwa. Lakini kilikuwa bado mita tano kwa tatu. Kilimtafuta bibi mzee kuliko wote, kikamwangukia, na kikatosha yeye na wengine thelathini. Clotilde alitazama saa. Ilikuwa imebaki nusu saa.

Atabo akashuka kwenye pikapu. Hakuita cheo. Alimwita kwa jina ambalo mwanamume wa Kiturkana hupewa kwa ajili ya maksai anayempenda, jina ambalo makasisi hawakulijua.

"Apalongor," alisema. "Kivuli ni yangu. Sasa naonyesha mpaka."

Akaweka ncha ya fimbo chini, kwenye ukingo wa kivuli, akaanza kutembea. Ukingo ukaifuata fimbo. Alikwenda mpaka nguzo ya kwanza, akakata kona, akaenda ya pili, akipita nyuma ya kina mama wa kwaya, nyuma ya vijana, nyuma ya walemavu kwenye viti vyao vya magurudumu. Alikuwa na miaka sitini na sita na alitembea bila haraka. Aliporudi alipoanzia, ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili. Kila kitu Kakuma kilikuwa kimepoteza kivuli chake, nguzo, mapipa, ngamia barabarani, na kiwanja chote cha kanisa kilikuwa na giza tulivu, lenye baridi kama sakafu ya nyumba iliyomwagiwa maji.

"Hii nimepatia hawa," Atabo aliwaambia wanawake wa kwao, ili wawe mashahidi. "Clotilde na watu wake, na watoto wao. Mtu akitaka kukaa, aombe hao."

Wanawake wakaitikia. Kwa hiyo ilikuwa imekwisha kuwa sheria.

Afisa alifika saa sita kamili, mwavuli mkononi. Aliitwa Makena, na alikuwa mtu anayefika kwa wakati. Alifunga mwavuli, akapima: mita kumi na nane kwa kumi na mbili. Akatoa fomu.

"Kimejengwa kwa kitu gani?"

"Kwa Baba Askofu, Madamu," alisema Clotilde.

Makena akapitia orodha: bati, turubai, makuti, nyinginezo. Akatia alama kwenye nyinginezo.

"Cha kudumu au cha muda?"

"Ya kudumu," Atabo alisema.

"Mama, hapa hakuna cha kudumu. Fomu haina nafasi hiyo."

Akaandika *cha muda*, akaandika kwamba kivuli kipo, na kwamba kiwanja kinabaki kwa kanisa. Kong akauliza arudie hiyo ya mwisho. Akairudia. Ngoma zikapigwa kabla hajamaliza.

Ibada ilikwenda kwa lugha tano. Tangu mwezi wa sita walikuwa wakiisali Imani mpaka pale bibi yule alipoangukia, kisha wakanyamaza na kuketi. Siku hiyo walifika pale pale. "Akateswa, akazikwa," walisema, na watu wakatazamana. Kivuli kikasogea kidogo mbele, kama mtu anayewapisha wengine mlangoni. Clotilde akavuta pumzi. "Siku ya tatu akafufuka," alisema, na mia tatu wakasema naye, Kiswahili na Kirundi na Kinuer na Kidinka na Kiturkana, kwa sauti iliyowafanya ngamia wa barabarani wageuke. Waliisali mpaka amina. Kisha waliirudia yote tangu mwanzo, kwa sababu iliwapendeza.

Baada ya baraka, Makena alimwita Clotilde. Alikuwa ameketi kwenye jiwe kandokando, faili juu ya magoti, na kwa kuwa palikuwa na baridi nzuri ya kufanyia kazi, alikuwa ameyamalizia hapohapo mambo yote ya kiwanja kile. Akampa barua. Clotilde akaisoma kwa sauti ili wote wasikie:

"Ombi la kuezeka bati limekataliwa, kwa kuwa waumini tayari wana kivuli cha kutosha."

Kong ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akashika nguzo, na kicheko kikaenda safu kwa safu mpaka kwa wanawake wa Kiturkana, ambao walitafsiriwa barua, wakacheka mwisho na kwa muda mrefu kuliko wote. Makena alisubiri kwa heshima. Waliponyamaza alisema kwamba ofisini kwake feni iliharibika tangu mwezi wa pili, na akauliza kama angeweza kubaki hapo na mafaili yake.

Aliuliza akimtazama Atabo. Atabo akamwelekeza kwa kidevu upande wa Clotilde.

Makena akageuka. "Mama Clotilde," alisema, "naomba ruhusa."

Clotilde aliifikiria. Alikunja barua mara mbili, akaitia kwenye kitabu cha sala. Akamuuliza jina lake kamili, anatoka wapi, na anataka kukaa kwa muda gani, na Makena akajibu yote. Kisha Clotilde akamwambia kwamba anaweza kukaa mpaka saa kumi.